Baba Aliomba Kuliona Gereza

Baba ndiye aliyetaka twende. Ilikuwa siku yetu ya tatu Zanzibar, kwa mdogo wangu aliye seremala huko, na mimi nilitaka kulala tu. Kumteremsha mzee wa miaka themanini na mbili kutoka Lushoto hadi Mombo, basi hadi Dar es Salaam, kisha meli, kulikuwa kumenimaliza. Lakini mdogo wangu alipotaja kisiwa cha Changuu na gereza lake la zamani, Baba aliweka kikombe chini.

"Nataka kuliona hilo gereza."

Asubuhi mdogo wangu alitupandisha boti ya mashine, akaenda kazini. Baba amelima kabichi milimani maisha yake yote. Aling'ang'ania ubao kwa mikono miwili mpaka tukafika. Nilimshusha nimemshika kiuno, maji yakatufika magotini, na mgongo wangu ukalia.

Mama mmoja wa makamo, mtembezaji wa wageni, alitupokea.

"Shikamoo babu. Tuanze na kobe wakubwa?"

"Marahaba. Gereza kwanza."

Tulikuta kuta nene, na ndani meza za chakula, watalii wanakunywa juisi. Yule mama akaeleza kwamba hapo zamani watumwa walifungiwa kisiwani. Baadaye, enzi za Mwingereza, likajengwa gereza.

"Lakini wafungwa hawakuletwa, babu. Paligeuzwa karantini. Waliotoka melini wakishukiwa maradhi, ndio waliowekwa hapa."

"Hakuletwa hata mmoja?"

"Hata mmoja."

Baba akaketi kwenye kiti cha watalii. Akaniambia kwa Kishambaa, kwa sauti ile ile ya kuomba chumvi, "Mimi nilifungwa. Miezi minane. Ule mwaka mliosema nimekimbia."

Nilikuwa na miaka kumi mwaka huo. Mama alituambia Baba yuko mashamba ya mkonge. Kijijini walisema ana mwanamke huko Mnazi, kwenye mkonge. Niliwaamini wa kijijini. Aliporudi, amekonda, nilimwamkia kwa sababu ilinibidi. Na nilipoolewa nilimwomba baba mdogo anishike mkono kuingia kanisani.

"Kosa gani?" nikamuuliza.

"Mbao. Tulikuwa tunapasua mti wa hifadhi. Wenzangu walikimbia, mimi nikakamatwa na msumeno mkononi."

"Mama alijua?"

"Alikuja kuniona mara mbili. Nilimwapisha asiwaambie. Mwanamume mwenye hawara watu humcheka, basi. Mwizi, hata watoto wake huitwa wezi."

"Na siku ya harusi yangu?"

"Nilikaa benchi la nyuma. Ulipendeza."

Ningekuwa kijana labda ningelia, au ningemfokea. Nilikuwa mwalimu wa miaka hamsini na tatu mwenye viatu vilivyolowa, na Mama, ambaye ningemuuliza, tulishamzika. Nilikaa kando ya Baba. Mtembezaji akadhani mzee anaumwa, akamletea maji. Baba akanywa yote, akamshukuru, akasema sasa twende kwa kobe. Alipopewa majani awalishe, aliyageuzageuza na kusema hayo yalichumwa jana.

Jioni nilimwambia mdogo wangu. Akaacha kutafuna.

"Nilikuwa najua, dada. Mama aliniambia kabla hajafa."

"Mbona hukuniambia?"

"Wewe ukizungumza habari za Baba ulikuwa husikilizi mtu."

Na ilikuwa kweli.

Tulirudi bara keshokutwa yake. Pale Mombo tuliketi kwenye benchi la muuza chai tukingoja gari la kupanda Lushoto. Joto lilikuwa kali, na miguu ya Baba imevimba. Nikamwambia, "Baba, lile la kanisani, nisamehe."

Alikuwa anajaribu kulegeza kamba za viatu asizifikie.

"Nilikwishasamehe siku nyingi," akasema. "Hebu nifungulie hivi."

Nikainama, nikamfungulia. Gari lilichelewa sana. Lilipofika tulisaidiana kupanda.