Plasta ya Meno Niliyoenda Nayo Nyumbani

Ipo siku, mwanangu, nilipoiba meno yangu mwenyewe. Usicheke kwanza. Hicho kicheko kiweke, utakihitaji mbele.

Nilikuwa bado kijana, wa miaka sitini hivi. Meno mawili ya mbele yalikuwa yameng'oka, na mimi mtu wa kukaa barazani kwangu hapa Ng'ambo, ambaye safari ndefu niliyowahi kuifurahia ni ya kwenda Igalula na kurudi siku hiyohiyo, sikuona haja ya kutafuta mengine. Kisha binti yangu Rehema akachumbiwa. Mimi ndiye baba, mimi ndiye wa kutamka mbele ya shekhe na watu kwamba namwozesha. Nikajaribu kutamka chumbani. Kila neno likatoka na mluzi.

"Baba Rehema," mke wangu akasema, "kwa sauti hiyo watu watadhani unaita mbuzi."

Nikaenda kliniki ya meno mjini. Daktari, binti wa Kisukuma mpole, akanijaza mdomoni kitu kama ugali uliopoa, akangoja kigande, akakitoa, akamimina ndani yake plasta ile wanayofungia mguu uliovunjika. Ikatoka sura ya meno yangu, pengo na vyote, nyeupe pe! Dirishani nikalipia plasta. Sasa watu wa hapa unatujua: ukimlipa fundi cherehani, unaondoka na nguo yako na hata vipande vilivyobaki. Nikaiona plasta yangu mezani imeachwa ikauke, nikaifunga kwenye kitambaa, nikaenda zangu.

Nilimwonyesha kila jirani. Nikaiweka juu ya kabati la vyombo, hadi watoto wa mtaa walipogundua kwamba inaandika kama chaki. Wakachora nayo viwanja vya kuruka barazani kwangu mpaka meno yote yakasagika.

Niliporudi kliniki, daktari alikuwa ameshatafuta hadi chini ya makabati.

"Shikamoo babu. Plasta yako hatuioni."

"Marahaba. Iko nyumbani, si nililipia?"

"Babu! Sasa meno yako nitayatengenezea juu ya nini?"

Harusi ilikuwa imebaki wiki. Ikabidi nijazwe ugali ule tena, na dirishani wakaniandikia plasta ya pili. Nilitaka kulipa kimyakimya niondoke na aibu yangu. Lakini mke wangu, aliyenisindikiza safari hii ili nisiibe kingine, akanikanyaga mguu. "Uliza."

Nikarudi kwa daktari, nikamuuliza kwa miluzi yangu kama bei ya meno haina plasta ndani yake. Akaitazama risiti ya kwanza, akaacha kucheka. Plasta ya kuchunguzia tu, akanieleza, ile ya kuangalia meno yamekaaje na kuwekwa kama kumbukumbu, hulipiwa peke yake. Ya kutengenezea meno ya bandia imo ndani ya bei ya meno hayo. Mara ya kwanza walinitoza kimakosa.

"Basi babu, pesa tuliyokutoza iwe ndiyo ya hii mpya, maana ile uliiharibu mwenyewe. Hatudaiani."

Nikatoka pale nimenyooka kama mtu aliyeshinda kesi ya shamba.

Na siku ya ndoa nikatamka. Mwanangu, nilitamka! Bila mluzi hata mmoja. Wanawake waliokuwa ndani walisikia kila neno, wakapiga vigelegele kabla bwana harusi hajajibu. Nikarudia, ingawa sikuombwa.

Basi nawe, ukienda kwa daktari au kwa fundi yeyote, uliza kabla hujatoa pesa: hapa nalipia nini, kiko peke yake au kimo ndani ya kingine, na je, naondoka nacho au kinabaki? Usione haya eti wao wamesoma. Wala usione haya kukiri ulipoharibu wewe; mara nyingine kosa ni la pande zote mbili. Mungu akupe meno ya kutafunia hadi uzeeni, na mwenza wa kukukanyaga mguu inapobidi.

Nasaha hizi nilianza kuzitoa palepale harusini, nimesimama, natabasamu huku na huku ili kila mtu aone. Jirani yangu Mama Kulwa akapaza sauti kutoka mkekani:

"Mzee, meno tumeyaona. Kaa chini, pilau inapoa."