Funga Deli Kwanza, Salamu Baadaye

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa sufuria wala mwiko. Mpishi Mkuu, mzee wa Kiloleli mwenye sauti ya kugombeza hata anapokusifu, alinionyesha madeli mawili, yale makasha ya kutunzia ubaridi, akasema, "Mama, hawa ndio watoto wako. Mengine tutafundishana." Nilinuna. Mimi nilikuwa nimeomba kazi ya kupika.

Tulikuwa tukipeleka wageni kupiga kambi porini, mahali pasipo na umeme. Barafu tulinunua Lamadi, kulekule wanakonunua wachuuzi wa samaki, na tulitaka ya mabonge, maana iliyopondwa huyeyuka upesi. Deli moja lilikuwa la soda, bia na maji. Hilo lilifunguliwa ovyo. Nani atamzuia mgeni mwenye kiu? La pili lilikuwa la nyama na maziwa. Nyama ilikaa chini, imefungwa isiingie maji, na barafu juu yake, kwa sababu ubaridi hushuka. Juu ya deli tulitandaza gunia bichi, na kivuli kilipohama, nasi tulihama na madeli yetu. Vijana wa leo wenye friji za sola wanadhani nawatania.

Adui yetu mkubwa hakuwa jua, alikuwa salamu. Kwetu Usukumani mzee akikusalimu huwezi kumwitikia kwa kichwa ukaendelea na shughuli zako, na mwanamke hupiga magoti. Wafugaji walipita kambini kutwa. Dada aliyenitangulia kwenye kazi hiyo alikuwa akifunua deli, anasalimiwa, anapiga magoti palepale, anaulizwa habari za ng'ombe, za mvua, za pamba, na deli liko wazi muda wote. Nyama ya wageni ikaharibika, naye akarudishwa kwao Zagayu. Ndiyo maana Mpishi Mkuu alinionya: "Funga deli kwanza, salamu baadaye. Hata akija mkuu wa mkoa!"

Habari ya baba mkwe hakuisema.

Baba mkwe, mfugaji wa Sapiwi, hakuipenda kazi yangu hata kidogo. Alikwisha kumwambia mume wangu kwamba mke wa mtu halali porini na wageni. Safari moja tulipopiga kambi karibu na malisho yake, alikuja mwenyewe kuangalia, aamue kama nibaki kazini au nirudi nyumbani. Alinikuta nimeinamia deli la nyama, mkono umo ndani.

"Mwadila, mayu," alisema nyuma yangu. Ndiyo salamu yetu ya mchana, na "mayu" ni mama, kwa heshima.

Nilishusha mfuniko haraka. Lakini kibanio chake kilikuwa kimekatika asubuhi ile, na bila uzito ulikuwa ukifunuka wenyewe. Sikuwa na la kufanya. Nikaukalia. Jamani, baba mkwe wangu amesimama, mimi nimeketi!

"Mwadila, baba," nilijibu, machozi yakinilengalenga. Niliona kazi yangu imekwisha.

Alinitazama, akalitazama deli. "Humo kuna nini?"

"Nyama ya wageni, baba. Nikiinuka ubaridi unatoka, na nyama inaoza."

Aliligusa deli kwa ncha ya fimbo. Kisha akalaza fimbo yake, akakaa chini kwenye majani mbele yangu, akawa chini kuliko mimi. "Basi kaa hapohapo, mayu. Mhola?"

"Mhola duhu, baba." Kwema tu. Tukamaliza salamu yote, ng'ombe, mvua na pamba, bila haraka. Mpishi Mkuu alikuwa amesimama kando na jiwe la kukandamizia mfuniko, akingoja tumalize. Jiwe hilo alilileta baada ya baba mkwe kuondoka, na habari ya mimi kurudi nyumbani haikutajwa tena.

Sasa nimestaafu, naishi Bariadi mjini, na friji yangu inanguruma jikoni usiku na mchana. Nimefanya kazi chini ya mameneja wengi wa kambi, wapole na wakali, na wote nawakumbuka kwa wema. Ila anayenitoa machozi ni baba mkwe. Alipofariki nilikuwa mbali porini, simu haishiki, na habari ilinifikia kwa kuchelewa. Nilipofika Sapiwi, vumbi limenijaa, nilikuta kaburi limechimbwa na watu wameketi kando yake. Ndugu walikuwa wametaka kuzika tangu jana yake. Mume wangu akaniambia baba aliacha neno moja: wasimzike mpaka mkwe wake arudi kutoka kazini.