Gari la Kumbeba Bibi Arusi

Katika familia ya mke wangu kila mtu ana kazi yake ya harusi, na yangu ilikuwa kupoza soda. Mimi ni fundi wa friji hapa Kamembe, kwa hiyo hakuna aliyeona haja ya kuniuliza. Wadogo zake watatu waliolewa, na mara zote tatu vigelegele vya bibi arusi vilinikuta nyuma ya hema, nimeinamia masanduku ya barafu. Kaka yao, shemeji yangu, ndiye aliyekuwa mbele ya msafara kila mara, kwa gari lake jeusi la silinda nane ambalo watu wa kwao Gihundwe hulisikia kabla ya kuliona. Hata mke wangu mwenyewe aliletwa kwangu na gari hilo. Siku ile nililipenda.

Mdogo wao wa mwisho alipochumbiwa, nilikuwa nimekwisha kununua langu. Sikulinunua kwa ajili ya harusi. Kwa miaka minne nilikuwa nikisoma habari za mota za umeme, kwanza katika kitabu cha mafundi cha Kifaransa kilichokosa jalada, kisha kwenye simu, nikiandika daftarini kila neno nisilolielewa. Mota ya friji na mota ya gari la umeme ni ndugu; tofauti ni malezi. Mtu mmoja wa Kigali alikuwa anahama nchi na kuuza lake, jekundu, la aina ya mbio, linalotoka kusimama hadi kilomita mia kwa saa kwa sekunde tatu na nusu. Nililikagua siku mbili, kisha nikalileta nyumbani polepole kiasi kwamba mabasi yalinipigia honi.

Mke wangu alilizunguka mara moja, akaniuliza hizo sekunde tatu na nusu ni za kwenda wapi.

Shemeji alikuja Jumapili baada ya ibada, pamoja na mama mkwe. Aliniomba nifungue boneti. Kwenye gari langu, chini ya boneti kuna sanduku tupu la plastiki, linaloweza kubeba kreti mbili. Aliligonga kwa kidole.

“Maman, kuja uone! Injini bameiiba!”

“Haikuibwa,” nikasema. “Mota ziko chini, karibu na magurudumu.”

“Papa,” akaniambia, “bamekuuzisha sanduku. Hii ni frigo, bameiwekea magurudumu.”

Neno hilo lilinichoma kuliko nilivyotarajia. Nikasema, mbele ya mama mkwe, jambo ambalo si tabia yangu, kwamba frigo hiyo italishinda gari lake siku yoyote atakayochagua, na ikilishinda, ndiyo itakayombeba bibi arusi. Tangu baba mkwe afariki, mambo yote ya familia huamuliwa na mama. Alikunja mwavuli wake.

“Mushindane basi,” akasema. “Nitakuja kuona mwenyewe.”

Katika bonde la Bugarama, katikati ya mashamba ya mpunga, kulikuwa na kipande cha barabara kilichonyooka, kimetiwa lami mpya lakini bado hakijafunguliwa. Niliwaandikia viongozi wa pale barua ya kurasa mbili, pamoja na mchoro, nikiomba ruhusa ya kufanya jaribio la mwendo la magari mawili, mita mia nne, bila abiria. Walikubali, iwe Jumamosi ya mwisho wa mwezi baada ya umuganda, kazi ya jamii ya kila mwezi, kwa sharti moja: wenye magari nao waje kuifanya pamoja na wengine. Basi tulichimba mfereji hadi saa tano, shemeji akiwa amevaa viatu vyeupe. Kazi ilipokwisha hakuna aliyekwenda nyumbani. Walijipanga kandokando ya barabara, majembe mabegani.

Mama mkwe aliwekewa kiti cha plastiki kwenye mstari wa mwisho. Mke wangu, ambaye alikuwa dada wa mmoja na mke wa mwingine, alisimama kwenye mstari wa kuanzia na kitenge mkononi, akakataa kumtakia heri yeyote kati yetu.

Shemeji aliwasha. Ndege waliruka kutoka kwenye mpunga. Mimi nilikuwa nimewasha zamani, ila hakuna aliyejua.

“Tunangoja nini?” akapiga kelele kutoka dirishani.

“Betri haijapata joto la kutosha. Dakika nane.”

“Frigo inataka joto! Bandugu, mumesikia?”

Majembe yote yalitikisika kwa kicheko. Nilingoja dakika nane kamili, kwa sababu ndivyo kitabu cha gari kinavyosema. Kisha nikakanyaga breki kwa mguu wa kushoto na pedali ya mwendo kwa wa kulia. Kitenge kikashuka, nikaachia breki.

Kichwa changu kilirudi kwenye kiti kana kwamba mtu amenisukuma paji la uso. Sikusikia chochote isipokuwa upepo na sauti yangu mwenyewe, ambayo sitaieleza. Niliupita mstari, nikasimama mbele kidogo, nikashuka. Shemeji alikuwa bado anakuja, na bonde zima, mama mkwe akiwemo, lilikuwa limegeukia ile ngurumo. Alipopita walimshangilia. Ndipo mama mkwe akageuka, akaniona nimesimama kando ya gari.

“Weye ulifika hapa saa ngapi?”

“Kabla yake, Maman.”

“Na hatukukuona?”

Ilibidi turudie. Safari hii nilimwomba kwa heshima aniangalie mimi tu. Aliniangalia. Nilipompita, kitambaa cha kichwani kilimtoka, na mwavuli ukaenda kwenye mpunga. Aliletewa vyote viwili, akajifunga upya taratibu, kisha akatuita mbele ya watu.

“Umeshinda,” akaniambia. “Nimeona.” Shemeji akainamisha kichwa. “Sasa uniambie, mutoto wangu anakimbia nini? Nani anamufukuza? Siku ya ndoa muntu anaenda polepole, batu bamuone. Weye utapoza soda.”

Nilipitia hoja hiyo njia nzima ya kupanda kurudi Kamembe, nikitafuta kosa ndani yake. Sikulipata.

Siku ya harusi nilikuwa wa mwisho katika msafara. Kreti tatu za soda zilikuwa kwenye kiti cha nyuma, mbili chini ya boneti zikiwa zimefunikwa barafu, na mke wangu kando yangu ameshika kopo la vizibuo. Mbele kabisa gari jeusi lilinguruma, likimfuata mpiga picha aliyekuwa akitembea kinyumenyume. Tulikwenda hivyo, mwendo wa mtu mzima aliyeshiba, tukipanda kutoka Gihundwe. Injini kubwa haipendi kupanda kilima bila upepo wa kuipoza. Nilijua. Kwa uaminifu niseme pia kwamba sikumwambia mtu.

Karibu na kona ya mwisho kabla ya kanisa, mvuke ulitoka chini ya boneti nyeusi. Msafara ukasimama. Mama mkwe alishuka kwenye gari la pili, akautazama mvuke, kisha akatembea hadi mwisho wa msafara, kwenye dirisha langu.

“Yako inaweza kwenda polepole?”

“Inaweza kwenda kama konokono mpaka kesho, Maman.”

“Toa hizo kreti.”

Tulizishusha kando ya barabara, shemeji akizipokea mikononi. Bibi arusi aliingia na gauni lake lote. Tulipoanza kwenda, aliinua kichwa kwa wasiwasi, akaniuliza.

“Shemeji, imezima?”

“Inaenda.”

“Lakini batu hawatasikia kama ninakuja!”

Mke wangu aliweka kopo chini, akatoa nusu ya mwili wake dirishani, akapiga vigelegele kuanzia kona ile hadi mlango wa kanisa bila kupumzika. Watu walitoka madukani. Siku hiyo gari langu lilikuwa na silinda moja, nayo ilikuwa dada wa bibi arusi.

Nilimfungulia bibi arusi mlango mbele ya watu wote. Nilikuwa bado nimeushika ule mlango pikipiki ilipoingia uani. Shemeji alikuwa nyuma ya dereva, suti yake imelowa kifuani, amekumbatia mfuko wa barafu, na pikipiki nyingine mbili zikimfuata na kreti. Alinitazama juu ya mfuko huo.

“Papa,” akasema, “barafu inatangulia chini ao juu ya chupa?”

“Chini,” nikamwambia. “Halafu na juu.”