Mafua, Presha na Yule Mtu wa Gerezani

Siku yangu ya kwanza kazini niliambiwa habari za mtu mmoja wa mtaa wa Gerezani mwenye presha ya kupanda. Alishikwa na mafua, akameza dawa ya presha na dawa ya mafua asubuhi moja. Vidonge vikapigana tumboni. Kufika adhuhuri sikio lake la kushoto likaanza kupiga mluzi kama birika, mbwa wa magereji yote wakabweka, na treni ikaondoka kabla ya wakati wake kwa sababu dereva alidhani ni filimbi ya stesheni.

Niliamini. Wala sikuuliza alikuwa nani.

Aliyenisimulia alikuwa Formeni, mkuu wa mafundi wa lifti katika kampuni yetu ndogo pale Kariakoo. Alikuwa mrefu, akisimama mlangoni, chumba kizima kinaingia giza. Nilifika kwake nikitokea Nachingwea, nimevaa viatu vya mtumba vya soko la Mchikichini vilivyonizidi namba mbili. Akanitazama toka juu hadi kwenye viatu.

"Wewe unaamini watu?" akauliza.

"Ndiyo, Mzee."

"Acha. Fundi wa lifti ni mtu wa kushuku. Mlango ukifunguka, ushuku, huenda kibanda cha kupandia hakipo. Kamba ikinyamaza, ishuku. Ikilia, ishuku zaidi. Na ukiwa na presha, siku ya mafua ipe dawa yake likizo, yasikukute ya yule wa Gerezani."

Hapo ndipo nilipoambiwa habari ya mluzi, pamoja na masharti mengine ya kazi, na nikayashika yote kwa uzito mmoja.

Ninyi vijana mnabonyeza kitufe mnapanda, mkidhani ni umeme tu. Lifti ni mizani. Kibanda kinaning'inia upande mmoja wa kamba za waya, na upande wa pili kuna rundo la vyuma vizito linaloshuka ninyi mnapopanda. Juu kabisa, chumba cha mashine, kuna kifaa tunachokiita gavana. Huyo kazi yake ni kushuku mwendo: kibanda kikizidisha kasi, gavana anavuta kamba yake, makucha ya chuma yanabana reli, mnasimama. Mnaweza kupiga kelele, lakini mko hai. Nimehudumia lifti nyingi kuliko nywele za kichwa changu, hata enzi nilipokuwa nazo. Kariakoo ile ya nyumba za mabati niliiona ikigeuka maghorofa, na kila ghorofa lilipoota, sisi tulikuwa ndani ya shimo lake tukipaka grisi.

Formeni alituongoza kwa miaka mingi. Kisha msimu mmoja wa mvua mafua yakaingia kazini, yakamshika kila mtu. Formeni naye alikuwa na presha. Alikuja kazini akiwa na homa, kajifunga skafu, anapiga chafya zinazotikisa madirisha. Siku ya tatu alikuwa anakunywa chai aliyoletewa na Fundi Bakari, mwenzangu, kikombe kikamtoka mkononi. Mdomo ukapinda upande mmoja. Alitaka kusema neno, likatoka nusu.

Kiharusi. Tulimpeleka hospitali, akapona kiasi, lakini mkono wa kulia haukurudi kazini, na yeye pia hakurudi.

Mafundi tukakaa kikao cha minong'ono. Wote tukakubaliana: Formeni, kwa homa kali, alijisahau akachanganya dawa. Lililompata lilikuwa la mtu wa Gerezani kwa namna nyingine. Mimi nikaenda hatua moja mbele: nikaishuku ile chai. Toka siku hiyo sikunywa chochote kilichopita mkononi mwa Bakari.

Wakati huo nilikuwa nasoma shule ya jioni Magomeni. Nilihitimu kwa kishindo. Mwalimu wa fizikia alinikumbatia akasema hajawahi kuona mtu anauliza maswali mengi hivyo na bado anakosa jibu. Cheti kilinipa nafasi ya Formeni, nami nikaanza kuitwa Formeni. Bakari akawa msaidizi wangu, anatabasamu muda wote. Nikalishuku na tabasamu.

Kisha Mhandisi, mkuu wetu mpya, mtu wa sauti ndogo na amri kubwa, akaleta utaratibu: anayeingia shimoni lazima apimwe presha kila mwezi. Mpimaji alikuwa Nesi Salome, mwanamke mfupi asiyecheka na mzaha. Kunifunga tu ule mkanda mkononi, nikakutwa na presha. Nikapewa vidonge vya kila siku. Nilivimeza kwa utii na namba zikashuka. Kila mwezi Nesi ananiambia, "Vizuri, Fundi Mustafa."

Ila nikishikwa na mafua, mambo yanageuka. Namba zinapanda kama lifti isiyo na gavana.

"Fundi, leo huingii shimoni," Nesi anasema.

"Mbona juzi nilikuwa mzima?"

"Juzi si leo."

Nami natoka, na nani anaingia shimoni badala yangu? Bakari! Ikatokea mara ya pili, ikatokea tena. Nikapiga hesabu ya shule ya jioni, jibu likatoka moja: Nesi na Bakari wana mkataba. Ili kuuumbua ule mtambo wa Nesi wa kupimia, nikamshawishi Mama Chausiku, muuza chapati wa mlangoni kwetu, mwili wake kama tangi la maji, aje apimwe. Nilijua mashine itapasuka. Akapimwa, akakutwa sawasawa kabisa. Akatoka ananisuta: "Umeona, Mustafa? Unene wangu hauna deni na mtu. Wewe mwembamba ndiyo uangalie roho yako." Nikazunguka kwa wapimaji wa barabarani, watatu, wote wakasema niko juu. Nikahitimisha kwamba wote ni ndugu zake Nesi.

Sasa niwaeleze nilikuwa nafanya nini siku za mafua. Dawa ya presha nilikuwa naipa likizo kama nilivyofundishwa. Kisha napita duka moja la dawa, nasema, "Nichanganyie ya mafua kali," wananifungia vidonge vya rangi zote kwenye karatasi. Juu yake bakuli mbili za supu ya makongoro ya ng'ombe, chumvi ya kutosha, pilipili mpaka machozi. Hiyo ndiyo tiba ya Kariakoo, na pua ilikuwa inazibuka kweli.

Siku ya siku ikafika, nami nina mafua na karatasi yangu ya vidonge mfukoni. Ghorofa moja refu karibu na sokoni, lifti imekwama na wafanyabiashara wanatukana. Sikwenda kwa Nesi, nilijua atanikatalia. Nikapanda juu ya kibanda, Bakari kasimama mlangoni na tochi. Kichwa kikaanza kugonga kama nyundo. Shimo likazunguka. Nikawahi kushika swichi ya kusimamisha, nikakaa chini.

"Formeni, vipi?"

"Umenipa nini, Bakari?"

"Nikupe nini? Mwaka wa ngapi huu hunywi hata maji yangu! Nyoosha mkono."

"Usinisogelee."

"Utaanguka utufie hapa, halafu mkeo aniulize mimi. Mkono, bwana!"

Akanishika ukosi wa ovaroli kama paka anavyobeba mtoto, akanivuta hadi sakafuni. Kisha akanibeba mgongoni, ngazi zote, mpaka teksi. Njia nzima nilimshuku, lakini sikuwa na nguvu ya kusema.

Nesi Salome alipoona namba hakunionyesha. Alinilaza na kumwita daktari. Waliponituliza akavuta kiti.

"Toa mfukoni kila ulichomeza."

Nikatoa karatasi. Akavitenganisha vidonge kwa kalamu.

"Hiki kinazibua pua kwa kubana mishipa. Hakiishii puani, kinabana na mingine, presha inapanda. Hiki cha maumivu ni cha jamii ambayo mwenye presha hajinunulii bila kuuliza. Hiki parasetamoli tupu. Kwa homa, hiki peke yake kingekutosha, kwa kipimo chake. Na dawa yako ya presha iko wapi?"

"Iko likizo."

"Nani kaisaini?"

Nikamsimulia yule mtu wa Gerezani. Hakucheka.

"Fundi, umeondoa kinachoshusha, ukaweka vinavyopandisha, ukamalizia na supu ya chumvi. Kwa mafua, kunywa maji, pumzika, meza dawa yako. Siku ukitapika au kuharisha mwili ukaishiwa maji, usiamue wewe kuimeza au kuiacha, njoo tuamue sisi. Umenielewa?"

Nilisema nimeelewa. Moyoni nikasema, Formeni alikuwa mtu mzima na alijua lifti zote za mji. Huyu nesi anajua nini?

Nikaendelea hivyo, mguu mmoja kwa Nesi, mmoja kwa Formeni, hadi nikastaafu. Waliniaga kwa soda na saa ya ukutani. Bakari alinimiminia kikombe cha chai mbele ya watu wote, akanitazama. Nikanywa. Ilikuwa na sukari nyingi, basi. Sasa nakaa Magomeni, nasikiliza majirani wakipeana tiba, nami nashangaa: maisha yangu yote niliishuku kamba, nikamshuku nesi na rafiki, lakini uvumi wenyewe sikuushuku hata siku moja.

Kilichonifungua macho si cheti. Wiki ileile ya kustaafu nilikuwa na mafua. Asubuhi kidonge cha presha kiko mfuko wa shati, sijakimeza, najishauri. Nikaenda Ilala kumsalimia Formeni. Nilimkuta barazani, mkono wa kulia umelala mapajani, mdomo bado umepinda.

"Shikamoo, Formeni."

"Marahaba. Una mafua wewe."

"Ninayo. Ndiyo maana nimekuja. Siku ile ulichanganya dawa, eti?"

Maneno yake siku hizi hutoka moja moja.

"Nani kasema?"

"Sisi wote. Tulijua ulijisahau, ukameza zote mbili kama yule wa Gerezani."

Akatikisa kichwa.

"Sikumeza. Ya presha nilikuwa nimeiacha siku tatu."

"Na yule mtu wa mluzi?"

"Hakukuwa na mtu, Mustafa. Nilisikia kwa kinyozi." Akaunyoosha mkono wake mzima, akagusa mfuko wa shati langu, kidonge kilipokuwa. "Meza. Maji yako mtungini."