Chafya ya Fundi Makochi

Jirani yangu, fundi makochi, hakimbii kabla hajajishika kiuno kwa kiganja, kama mtu anayehakikisha mlango umefungwa. Mgongo ulimgomea siku aliponyanyua sofa peke yake, akalala chali hadi tukamzoea kama sauti tu ya dirishani. Siku hizi kila asubuhi anavaa raba na kutoka getini, miguu ikipapasa lami, mikono ile minene ya nyundo ikining'inia kama vitu vya kuazima. Mkewe hufagia hapo getini. "Baba watoto, daktari alisema utembee." "Kwani hiki ni nini? Si natembea?" anajibu, huku anakimbia.

Leo alikuwa usawa wa ukuta wangu chafya ilipomjia. Nyinyi wenye migongo mizima hamjui chafya ni nini. Aliganda, uso juu, mdomo wazi, akaukumbatia ukuta. Nami, kibarazani kwangu, nikashikilia kikombe cha chai bila kunywa. Ikatoka. Mwili wote ukaruka. Jasho likamchuruzika hadi kidevuni, vidole visibanduke. Nikasema moyoni, basi tena, anarudi kitandani. Hakuthubutu kugeuka. Aliita tu, macho kwenye matofali: "Mbona sisikii ufagio?" Mkewe alikuwa amesimama, ufagio hewani. "Naogopa." "Hata mimi. We fagia." Ufagio ukaanza, chwaa, chwaa, taratibu. Ndipo vidole vikaachia ukuta, kimoja kimoja, na miguu ikaanza kupapasa lami, ikifuata mwendo wa ufagio.