Bendera ya Dakika ya Themanini na Nane

Msimu ule ulianza Septemba, na Micheline Nabintu aliuanza kwa kukimbia. Kila alfajiri, kabla ya kwenda kufundisha darasa la nne, alishuka ngazi za udongo za Cimpunda, mtaa wake mjini Bukavu, mpaka barabara kubwa, akazipanda tena, mara sita, huku wanawake waliokwenda kuteka maji wakimpisha na kumcheka kidogo. Alikuwa na miaka thelathini na tatu na mtoto mmoja, Lucie. Alikuwa mwamuzi wa pembeni, yule anayekimbia kando ya mstari na bendera mkononi, na nia yake ilikuwa moja: afaulu jaribio la mbio mwisho wa msimu, jina lake lipelekwe Kinshasa, kwenye orodha ya waamuzi wa ligi ya taifa.

Mume wake, Venant, alikuwa seremala. Alikuwa pia mpiga ngoma wa mashabiki wa Nyuki, timu ya Cimpunda. Jambo hilo halikuwa limewaletea ugomvi, kwa sababu tume ya waamuzi haikumpangia Micheline mechi za Nyuki. Siku za Jumapili walitoka nyumbani pamoja, yeye na begi, mume na ngoma, wakaachana njia panda.

Alichezesha ligi ya mji, mvua ya Novemba ikifuta chokaa hata akawa anakisia mstari kwa kutazama vibendera vya kona. Alichezesha ligi ya wanawake. Desemba alitumwa Kamituga kwa mechi ya ligi ya mkoa, siku mbili juu ya pikipiki kwenye tope, akasimama mbele ya wachimba dhahabu waliokuja moja kwa moja kutoka mashimoni. Walimtukana dakika zote tisini. Mechi ilipoisha, mmoja wao alimletea ndizi za kuchoma.

"Maman, tulikutukana sana," alimwambia, "lakini unakimbiaka muzuri."

Alirudi Bukavu akasimulia hilo wiki nzima.

Februari vita vikaingia mjini. Mechi zikasimama. Timu mbili zilivunjika kabisa. Wachezaji wengine walivuka mpaka, wengine hakuna aliyejua walipo. Shule ilifungwa, ikafunguliwa, ikafungwa tena. Micheline aliacha kukimbia ngazi, maana siku zile mtu akionekana anakimbia, mtaa mzima huanza kukimbia pia. Viatu vyake vya uwanjani vilikaa juu ya kabati.

Miezi ikapita. Viongozi wa mpira wakakutana, wakaamua kwamba ligi haiwezi kuisha, lakini kombe la mkoa litamalizwa kwa timu nne zilizobaki. Mshindi ataenda kucheza kombe la taifa, ikiwa njia itapatikana. Nyuki wakafika fainali. Wapinzani wao walikuwa Radi, timu ya Bagira.

Asubuhi ya fainali simu ya Micheline iliita. Alikuwa Papa Firmin, mkuu wa tume ya waamuzi.

"Micheline, ule arbitre wa pembeni wa Uvira amebakia njiani. Niko na weye tu."

"Papa Firmin, miye niko mutu wa Cimpunda. Bwana yangu njo anapigaka ngoma ya Nyuki. Batu batasema nini?"

"Nimeuliza ba-capitaine bote mbili. Bamekubali. Ule wa Radi amesema: heri Madame Micheline kuliko mutu hatumujue."

Uwanja wa Kadutu ulijaa tangu saa nne asubuhi, kwa mechi ya saa tisa. Watu ambao hawakuwa wameonana tangu Februari walikumbatiana kwenye ngazi za saruji, wakaulizana habari za waliokufa na waliohama, kisha filimbi ikalia nao wakageuka kutazama mpira.

Hadi dakika ya themanini na nane hakuna aliyekuwa amefunga. Ndipo mpira mrefu ukatoka katikati, na Modeste, mshambuliaji wa Nyuki, jirani wa Micheline nyumba ya tatu, akachomoka nyuma ya mabeki. Micheline alimwona amewazidi, ameotea. Bendera ilikuwa juu kabla yeye mwenyewe hajajua kwamba ameiinua. Mpira uliingia wavuni, ngoma zikalipuka, filimbi ikalia kulikataa goli, na ngoma zikakatika moja baada ya nyingine. Alijua ile ya mwisho kunyamaza ni ya nani.

Walikwenda penalti. Modeste alipiga ya tano, ikagonga mwamba. Radi wakachukua kombe.

Papa Firmin alimtoa Micheline kwa mlango wa nyuma, akimshika mkono. Nyumbani Venant alikuwa amekwisha kufika.

"Uliona nini?" alimwuliza.

"Hors-jeu," alijibu, yaani Modeste alikuwa ameotea.

"Sawa."

Kwa siku nane baada ya hapo hawakuzungumza ila habari za chakula na za Lucie. Kwenye bomba la maji wanawake walimwachia ateke wa kwanza, na hakuna aliyemwambia neno mpaka aondoke. Mzazi mmoja alimhamisha mwanawe darasa. Micheline alirudia tukio lile kichwani kila siku, na kila siku alimwona Modeste amewazidi mabeki, lakini kwa umbali uliozidi kupungua.

Siku ya tisa alikuja Patrice, mtoto wa mamake mdogo, ambaye kazi yake ilikuwa kupiga video za harusi. Alikuwa ameipiga fainali kutoka upande wa pili wa uwanja. Walikaa jikoni, akamwonyesha kwenye simu. Karibu na mstari wa upande wa Patrice, mbali na Micheline, beki namba tano wa Radi alikuwa ameanguka na ndiyo kwanza alikuwa anainuka. Alikuwa karibu na goli kuliko Modeste, kwa hiyo Modeste hakuwa ameotea. Micheline hakuwa amemwona kabisa.

Aliitazama mara tatu.

"Yaya, hakuna mutu mwengine ameiona," Patrice alimwambia dadake huyo mkubwa. "Niifute?"

Micheline alifikiria jaribio la mbio, ambalo lilikuwa limebakiza wiki tatu. Alifikiria bomba la maji.

"Usiifute," alisema. "Unitumie."

Wa kwanza kumwonyesha alikuwa Venant, katika karakana yake. Aliitazama akiwa wima, randa mkononi, akairudia, kisha akaketi juu ya ubao.

"Kumbe ulikosea."

"Nilikosea."

"Mama Lucie, siku yote hii nilikuwa nawaza kintu moja." Aliongea polepole. "Kama uliinua ile drapeau kwa kusudi. Juu batu basiseme unatusaidia."

"Hata miye nimejiuliza," Micheline alijibu. "Sijue, Papa Lucie. Najua tu sikumwona ule numéro cinq."

Venant aliiweka randa chini. Halafu akasogea, akampisha akae ubavuni pake.

Papa Firmin hakupendezwa. "Matokeo haitabadilika," alimwambia. "Nyamaza. Arbitre habishanake na video ya ndoa." Hata hivyo Micheline aliandika barua kwa tume, kurasa mbili, akaeleza alichokiona na alichokikosa. Tume ilimjibu kwa mistari minne: mwaka huu asifanye jaribio. Alilia siku moja, tena mchana, mbele ya Lucie, bila kujificha.

Kisha akaenda kwa Modeste. Alimkuta akiosha pikipiki yake ya kubeba abiria. Alimwambia bila kuzunguka: lile lilikuwa goli, na yeye ndiye aliyelikataa kimakosa.

Modeste aliendelea kusugua gurudumu.

"Madame," alisema hatimaye, "ile penalti ni miye niliikosa. Tangu ile siku hakuna hata mutu moja ameniongelesha juu yake. Bote ni drapeau ya Madame Micheline, drapeau ya Madame Micheline." Aliinua uso. "Nilikuwa nakuona pa bomba, nanyamaza. Nisamehe, Madame."

Micheline alicheka, mara ya kwanza tangu fainali, na kijana yule mwenye miguu ya haraka kuliko wote Cimpunda akaona haya, akainamia ndoo yake. Jumapili iliyofuata, mbele ya mashabiki wa Nyuki, ndiye aliyesimama akasema kwa sauti kwamba penalti aliikosa yeye. Wengine walimzomea. Wengi walinyamaza, na kesho yake kwenye bomba mama mmoja alimwuliza Micheline kama Lucie amepona kikohozi.

Radi hawakwenda kucheza kombe la taifa. Njia haikupatikana.

Oktoba tume ilimpangia Micheline mechi moja, ya ligi ya wanawake, kwenye kiwanja kidogo kisichokuwa na ngazi za watazamaji. Siku moja kabla yake alikuwa anapaka viatu rangi mlangoni, Venant akitoka karakana na vumbi la mbao kichwani.

"Mechi ya kesho ni saa ngapi?" akamwuliza.

"Saa nane."

"Nitakusindikiza," alisema, akaingia ndani kunawa.