Jiko Lililojengwa kwa Jicho Moja

Baba mkwe wangu hakuja kwenye harusi yetu. Alituma gunia la viazi. Vilikuwa viazi vizuri, tulivila wiki tatu, lakini ukoo wangu wote ulielewa maana yake: mzee wa Makete, mtu wa kanisa, hataki mwanawe aoe Mwislamu wa Kariakoo. Na mimi nilielewa hivyo hivyo. Kwa miaka kumi na moja nilimchukia kwa adabu. Kila Idi na kila Krismasi nilimpigia simu, nikamwambia shikamoo, akaitika marahaba, nikamuuliza mvua, akanijibu mvua, tukakata.

Halafu akapata mtoto wa jicho. Huko kwao waliambiwa aletwe Dar. Mume wangu ni dereva wa lori, safari zake ni za Tunduma na kuvuka. Alimleta baba yake Jumapili, alishinda hospitali siku ya upasuaji, na kesho yake akaingia barabarani. Nikabaki na mzee kwenye nyumba ya marehemu bibi yangu, nyumba ya kizamani yenye vyumba sita na ua katikati. Upande wa kulia imebanwa na ghorofa la orofa tisa.

Nesi alikuwa ametupa masharti. Mgonjwa asiiname. Asinyanyue kitu kizito. Asikae kwenye vumbi wala moshi. Arudi kliniki kila baada ya wiki mbili mpaka waseme basi. Mzee aliitika "ndiyo" kwa kila sharti, kama mtu anayesomewa bei ya kitu asichokusudia kununua.

Akakaa uani kwangu akiwa amevaa sweta alilotoka nalo kwenye baridi ya Makete. Ilikuwa mwezi wa pili. Mimi nilikuwa nimefunga khanga moja na feni iko mbele yangu.

"Baba, husikii joto?"

"Nalisikia."

Sweta hakuvua. Chakula alikuwa anadonoa tu. Siku ya tano alikuja mpaka mlango wa jiko, akasimama nje ya kizingiti, maana kwao baba mkwe haingii hovyo alipo mke wa mwanawe. Akaliangalia jiko la gesi kwa jicho moja. Lile jingine lilikuwa limefunikwa kikombe kidogo cha plastiki cha hospitali.

"Mama, huu moto wenu watu wanaukalia wapi?"

"Haukaliwi, Baba. Unawasha, unapika, unazima."

"Mkishazima mnakaa wapi?"

"Kwenye televisheni."

Akarudi kwenye kiti chake. Jioni alinieleza, akiwa anaangalia ukuta na siyo mimi, kwamba kwao jikoni ndipo nyumba ilipo. Mkewe alikuwa amefariki mwaka mmoja na nusu kabla, na tangu hapo kila siku aliwasha moto akakaa, hata kama hana cha kupika. Hapa kwangu hakujua akae wapi. Alisema hivyo bila kulalamika.

Nilimkumbusha habari ya moshi.

"Moshi ni kosa la fundi," akasema.

Hapo ndipo nikajua kwamba yeye ndiye fundi. Miaka thelathini alijenga majiko ya kuni, ya shule, ya misheni na ya nyumba za watu, na mume wangu hakuwahi kunitajia. Mume wangu alinitajia vitu vichache sana kuhusu baba yake, na nilikuwa nimedhani hakuna vingine.

Lakini fundi haruhusiwi kuinama, kunyanyua wala kugusa vumbi.

"Basi utajenga wewe," akaniambia.

Mimi nauza vitenge. Nilikuwa sijawahi kujenga kitu chochote isipokuwa hoja. Hata hivyo mtu asiyekula nyumbani kwako ni aibu yako, kwa hiyo niliacha duka kwa mdogo wangu nikaenda kutafuta vifaa. Matofali ya kuchoma niliyapata kwa mtu aliyekuwa anabomoa uzio. Muuza vyungu wa sokoni aliniletea ndoo nne za udongo kutoka Pugu. Mzee aliusugua kidoleni, akaulamba, akasema ni mzuri kuliko alivyotegemea Dar kuwa nao. Bomba la moshi na bamba zito la chuma lenye matundu mawili ya sufuria nilichongesha kwa mafundi chuma wa mtaa wa Gerezani.

Tukaanza asubuhi, chini ya kibanda cha bati kilichopo uani. Yeye kwenye kiti, mimi magotini. Nilichanganya udongo, mchanga na majivu, nikakanyaga kwa miguu mpaka ukalainika. Akataka mdomo wa jiko uwe shibiri moja na nusu. Nikapima kwa mkono wangu.

"Siyo shibiri yako," akasema. "Yangu."

Akanyoosha kiganja. Nilikuwa sijawahi kumshika mkono huyu mzee. Tulisalimiana kwa mbali, kama desturi yao inavyotaka. Nikachukua uzi, nikaulaza kutoka ncha ya kidole gumba chake hadi ncha ya kidole cha mwisho. Mkono ulikuwa mgumu kama mbao na una makovu ya moto hadi kwenye kiwiko. Wote wawili tulijifanya tunaangalia uzi.

Ilituchukua siku tatu. Mara mbili aliniamuru nibomoe. Mara ya kwanza njia ya moshi ilikuwa pana mno, mara ya pili aliniambia tu, "Hilo hata wewe unaliona," na kweli nililiona. Bomba tulilipitisha kwenye bati la kibanda, tukaacha nafasi ili bati lisiungue. Jiko likakauka wiki mbili.

Siku ya kuwasha nilichinja kuku. Nikapanga kuni, nikawasha, na moshi wote ukatoka mdomoni mwa jiko. Hata kidogo haukupita juu. Mzee alisimama mlango wa mbele, barabarani, kikombe chake jichoni, huku ua mzima umejaa moshi kama kuna pepo anapungwa.

"Bomba limeziba?" nikamuuliza nikikohoa.

"Halijaziba. Upepo unaurudisha." Akainua uso taratibu, akalipanda lile ghorofa kwa jicho, orofa moja baada ya nyingine, hadi ya tisa. "Kwetu hakuna hiki kitu."

Upepo ulikuwa unagonga ukuta wa ghorofa, unashuka moja kwa moja kwenye bomba letu. Kuku tulimpika kwa gesi.

Kabla hatujamaliza kumla, mlango uligongwa. Alikuwa jirani wa orofa ya pili ya lile ghorofa, mwanamke wa umri wangu ninayepishana naye sokoni. Mkononi ana mashati matatu meupe ya shule, yamekuwa ya kijivu. Hakupiga kelele. Aliyatandaza mezani, moja moja, kama mimi ninavyomtandazia mteja vitenge.

"Mambo, jirani?"

"Poa," nikasema, ingawa haikuwa poa.

"Mnachoma nini humu?"

"Kuku."

Akamwona mzee na jicho lake, akamwamkia, akapunguza sauti. Nikafua yale mashati mwenyewe, kwa maji matatu.

Kesho yake nilirudi Gerezani. Fundi wa mabomba alinisikiliza, akachora kwa chaki sakafuni: bomba lipande mita moja zaidi, na juu liwekwe kofia yenye midomo miwili, huku na huku, upepo ukiziba mmoja moshi utokee wa pili. Mzee alipoelezwa aliniuliza vipimo mara mbili. Kisha akasema yule kijana ana akili. Nadhani lilimuuma. Yeye naye akaongeza la kwake: kabla ya kuwasha kuni, choma kwanza gazeti chini ya bomba, lipate joto, ndipo litavuta.

Likavuta. Moto ulilala kuelekea ndani, ukanguruma kidogo, na mdomoni hapakutoka hata uzi wa moshi. Mzee akasogeza kiti. Akavua sweta.

Na jirani tulipatana hivi: hatuwashi mpaka aanue nguo. Ikawa kila siku baada ya Alasiri kichwa chake kinatokea dirishani.

"Nimeanuaa!"

"Tunawashaa!"

Wapita njia waligeuka kuangalia. Muuza kahawa wa kona aliniuliza siku moja ni biashara gani hiyo tunafanya.

Kuni ndizo zilikuwa shida. Mzee alikataa mbao zenye rangi, akakataa kuni mbichi. Alizigonga mbili pamoja: zikilia, kavu, zikinyamaza, rudisha. Nilirudisha mkokoteni mzima mbele ya mtaa. Mwishowe nikapata boriti za mikoko kwenye nyumba iliyobomolewa mtaa wa nyuma, nyumba ya maalimu aliyenifundisha Kurani nikiwa mdogo. Wanajenga ghorofa. Zilikuwa kavu kiasi kwamba zikigongwa zinalia kama chuma. Jioni hiyo nilikuwa nasukuma kipande cha kwanza motoni, mkono ukasita.

"Ni nini?" mzee akauliza.

Nikamwambia nyumba ilikuwa ya nani, nilikaa wapi, nilichapwa kwa herufi ipi. Nilikuwa sijawahi kuongea naye maneno mengi hivyo. Alisikiliza hadi mwisho.

"Iweke polepole," akasema. "Isiungue yote leo."

Nikaiweka polepole. Maharage yalikuwa yanachemka. Halafu yeye, bado anaangalia moto, akasema, "Ile harusi yenu."

Nikaacha kukoroga.

"Nilikuwa na koti moja. Wiki ile nilikuwa namalizia jiko la shule, mkono ukashika moto, hadi hapa." Akaonyesha kwenye kiwiko. "Na mwanangu alishaniambia wajomba zako wote watakuja na kanzu na makoti. Nikaona nitakutia aibu."

"Ukatuma viazi."

"Vilikuwa viazi vizuri."

"Baba, sisi tulidhani ni dini."

Akafikiri. "Dini nayo niliifikiria," akasema. "Lakini hiyo ilikuwa imeshapita. Koti ndilo lililonizuia."

Sikujua nicheke au nilie, na mbele ya baba mkwe vyote viwili si adabu, nikaongeza chumvi kwenye maharage yaliyokwisha tiwa chumvi. Alikula yote, hakusema. Wiki iliyofuata nilimpigia mume wangu, nikamuuliza kama alijua habari za koti. Hakujua. Alisimamisha lori pembeni, akaniomba nirudie tangu mwanzo, hadi salio langu likaisha.

Mzee alikaa miezi mitano. Jicho lilipona, na kabla ya kuondoka alinifundisha kulitunza jiko. Nyufa lazima zitokee, usizikasirikie. Lowesha kwanza, ndipo uzibe kwa udongo ule ule. Majivu toa kila siku, lakini bakiza kidogo chini. Bomba safisha kila mwezi kwa kamba yenye gunia lililofungwa jiwe. Mara ya kwanza nilipanda mwenyewe batini, yeye ameshika ngazi, na niliposhuka nilikuwa mweusi mpaka masikioni. Hakucheka. Alinipa khanga nijifute na kusema nimesahau kona.

Nilimpeleka stendi alfajiri. Alivaa koti ambalo nilikuwa nimemshoneshea.

Mwaka jana tulikwenda Tanga wiki mbili kwenye msiba. Tuliporudi nikawasha jiko, moshi ukarudi wote ndani. Nikampigia Makete.

"Unarudi mara moja, au unavuta kwanza halafu unarudi?"

"Mara moja."

"Umechoma gazeti?"

"Nimechoma mawili."

"Basi kuna kitu juu. Panda."

Nikapanda, simu kifuani. Ndani ya kofia ya bomba kunguru walikuwa wamejenga kiota. Hapakuwa na majani. Kulikuwa na waya za umeme, nusu ya hanga ya nguo, kijiko cha chai na kipande cha neti ya dirisha, vimesukwa vizuri kabisa. Hamkuwa na mayai. Nilimsomea kimoja kimoja.

"Kijiko?" akauliza.

"Kijiko, Baba."

Nadhani hakuniamini. Niliving'oa vyote, nikashuka, nikawasha tena. Akaniambia niweke simu karibu na mdomo wa jiko, lakini isiungue. Nikachuchumaa, nimeinyoosha kwa mkono, uso umegeuzwa pembeni kwa ajili ya joto. Alisikiliza muda mrefu kuliko nilivyotegemea.

"Linavuta," akasema, akakata simu.